Siku Tatu Bila Bi Mkasi

Siku Bi Mkasi alipopokelewa chuoni kusomea usimamizi wa biashara, hakulala mchana wala hakukaa kitako. Miaka arobaini na minane, mjukuu mmoja, na ndiyo kwanza ananunua madaftari! Aliyafunika yote kwa karatasi ya kaki, na kila mgeni aliyeingia sebuleni alionyeshwa, atake asitake. "Mke wangu, hata mkaguzi wa shule hakagui namna hiyo," mumewe alimwambia. Hakusikia. Furaha ilikuwa imemjaa mpaka masikioni.

Jina la Bi Mkasi alipewa kazini. Alikuwa na karakana ya kushona sare za shule: vyumba viwili, cherehani nne, meza ndefu ya kukatia, na mkasi mmoja wa mpini mweusi ambao kwa miaka kumi na moja haukushikwa na mkono mwingine. Mafundi wake watatu walishona, walitia vifungo, walipiga pasi. Kukata kitambaa, thubutu! Hata wifi yake, dada wa mumewe, fundi hodari aliyekaa hatua mbili tu kutoka mezani, hakuwahi kuugusa.

"Wifi, siku ukifa tutakuzika na huo mkasi," alimtania.

"Mnizike nao, mtashonaje?"

Wakacheka, na mkasi ukabaki pale pale. Mashati yaliyochanika kwapani yaliporudi kutiwa viraka, Bi Mkasi aliguna tu kwamba watoto wa siku hizi wana fujo.

Chuoni alikaa mstari wa mbele kabisa. Mwalimu wao, kijana wa rika la mwanawe wa kwanza, hakutamka neno likapita bila kuandikwa. Lililomkosha zaidi lilikuwa kukasimu madaraka, yaani kumwachia mwenzio kazi pamoja na uamuzi wake. Jioni hiyo hiyo alimkasimia mumewe vyombo vyote vya jikoni.

Wiki ya tisa mwalimu akatoa zoezi. Kila mwenye biashara akae mbali nayo siku tatu, Jumanne mpaka Alhamisi. Asiende, asipige simu, asitume mtu. Ijumaa aende akaangalie, kisha aandike kurasa tatu: bila mimi kumetokea nini? Atakayechungulia atarudia somo zima.

Bi Mkasi aliinua mkono. Blauzi yake, aliyojikatia mwenyewe, ikambana chini ya kwapa, akajisemea kwamba anazidi kunenepa.

"Mwalimu, mimi nina mashati themanini ya shule. Mwalimu mkuu wa shule hiyo anayafuata Ijumaa asubuhi. Akiyakosa, kazi anapeleka kwingine."

"Vizuri sana, mama. Hapo ndipo tutajua kama una biashara au una mkasi."

Darasa likaangua kicheko. Bi Mkasi alicheka pia, ila alichelewa kidogo.

Jumatatu jioni alimkabidhi wifi yake mkasi. Wifi alijifuta viganja kwenye sketi kabla ya kuupokea, na hakutania hata neno moja. Bi Mkasi alitoka pale anajisikia mwepesi, mwanafunzi kamili, meneja wa kweli!

Jumanne, darasani, akatia mkono mkobani kutafuta kalamu. Akatoa bunda la karatasi zilizokunjwa: kifua, mgongo, mkono, kola. Zile zilikuwa karatasi za vipimo, ambazo mtu huzilaza juu ya kitambaa na kukata kwa kuzifuata. Kila jioni alizibeba nyumbani zisije zikanakiliwa, na Jumatatu, kwa mazoea tu, alizibeba tena. Mkasi kauacha, vipimo kaondoka navyo!

Alimfuata mwalimu mbio. "Niruhusu nizipeleke, dakika tano tu."

"Wanajua uko hapa?"

"Wanajua."

"Basi wakizihitaji watakufuata. Wewe kaa."

Akakaa. Kila mlango ulipolia aligeuza shingo. Jumanne hawakuja. Jumatano hawakuja. Alhamisi hamu ya kujua ilimpanda mpaka akawa anatikisa mguu chini ya dawati na jirani yake akamwomba atulie. Hofu ya mashati alikuwa nayo, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuna aliyemhitaji.

Ijumaa aliingia karakanani mbio mbio. Mashati themanini yalikuwa mezani, yamekunjwa, yamepigwa pasi, mistari imenyooka. Mwalimu mkuu alikuwa ameshayahesabu na kutia sahihi, na alimpa Bi Mkasi mkono kwa nguvu. "Kazi nzuri mno. Muhula ujao tunarudi hapa hapa." Akabeba mzigo wake. Shati moja la akiba likabaki mezani.

Bi Mkasi alilichukua, akalipindua, akavuta tepu, akalipima.

"Kwapa hili nani kalipanua?"

Wifi aliinuka kwenye cherehani yake.

"Mimi," wifi alisema. "Tulifumua shati la zamani, tukachora vipande vyake kwenye karatasi. Ila kwapani nikaongeza upana wa vidole viwili."

"Kwa nini?"

"Yanabana, wifi. Mtoto akinyoosha mkono kujibu swali, shati linachanika. Viraka vyote tunatia hapo hapo."

"Umelijua lini hilo?"

"Tangu nije. Miaka tisa."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Mkasi huachii, karatasi unaondoka nazo."

Bi Mkasi aliona aibu, aibu ya kweli, ikampanda usoni mbele ya mafundi wote. Kwa miaka kumi na moja aliwaita watoto wana fujo, kumbe walikuwa wanainua mikono tu! Akatoa bunda lake mkobani, akalitazama, akalichana katikati. Mafundi wakashtuka. Kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, mpaka akashika meza.

"Kurasa tatu hazinitoshi," alisema. "Wallahi hazinitoshi!"

Akaning'iniza tepu shingoni mwa wifi yake. Akainua mkono wake wa kulia juu kabisa, kama anavyofanya darasani, na blauzi ikambana pale pale.

"Haya, wifi," akasema. "Nipime."