Kitabu cha Mwisho cha Nasra

Kitabu kilifika Korogwe ya Zamani siku ya Alhamisi, Zuena akiwa anashona mfuko wa shati la shule, na sindano ya cherehani ikamwingia kidoleni. Alikinyonya kidole, akaliweka lile shati mbali lisiingie damu, akasubiri.

"Kimekuja," alisema Grasiana, akipanda kibarazani na kitabu kilichofungwa kwenye gazeti. Alikuwa ametoka kukipokea kwa kondakta wa basi la Segera, ambako mchuuzi aitwaye Jacob huuza vitabu na karanga, akikimbilia madirisha ya mabasi.

"Kama kimekuja, kaa," alisema Faudhia. "Usituzungushie jalada kama mtu anayetembeza picha ya mchumba. Kaa usome. Nyie Wanyamwezi mlikuja huku na mizigo kichwani, mpaka leo hamjui kuitua."

"Na nyie Wazigua mlikuwa mmelala kivulini mnatuhesabu," alijibu Grasiana, akavuta kigoda.

Walikuwa mafundi watatu chini ya bati moja, si mbali na mto. Kibaraza kilikuwa cha Faudhia, mjane, mkubwa wao kwa umri na kwa ulimi. Grasiana, mama wa Ernesti, alikuwa mjukuu wa mtu aliyetoka Tabora kuja kukata mkonge na asirudi tena kwao. Zuena alikuwa mtoto wa Handeni. Desturi yao ya kazi haikuwa na mwenzake mjini pale: Grasiana ndiye aliyejaliwa sauti, kwa hiyo akisoma, cherehani yake hunyamaza, na mashati yaliyokuwa fungu lake wenziwe wawili huyagawana. Hakuna aliyeuita huo msaada. Kusoma kulikuwa kazi kama kutia vifungo.

Hiki kilikuwa kitabu cha tano na cha mwisho. Jaladani hadithi iliitwa Bwana wa Maji Baridi, ila wao walisema tu Nasra. Nasra ni binti anayependwa na jini wa kisimani, jini mwenye adabu kuliko wanaume wengi: anabisha hodi, haingii asipokaribishwa, na akiondoka huacha sakafu imelowa. Kitabu cha nne kilikuwa kimeishia pabaya. Nasra ameposwa na Idi, mwalimu mwenye baiskeli, na jini ameomba jambo moja tu, aje kuagana naye asubuhi ya harusi. Mafundi watatu wakabaki hapo wakisubiri, jini kama yuko mlangoni kwao, zaidi ya mwaka.

Kwa Faudhia na Grasiana hiyo ilikuwa hadithi. Kwa Zuena ilikuwa jambo jingine, na wote watatu walilijua, ingawa halikusemwa sana. Tangu usichana wake alikuwa anaota mtu mwenye mikono ya baridi akimkalia ukingoni mwa kitanda. Mama yake alimpeleka kwa mganga, na mganga akasema ni jini mahaba, amempenda, hatamwachia mume. Zuena aliolewa hivyo hivyo. Mimba mbili ziliharibika. Siku moja mumewe, Hussein, alikaa mbele ya wazee akatoa talaka, akasema hana ugomvi na mke wake hata kidogo, anaogopa tu.

Sasa alikuwepo Sufiani, mkulima wa mahindi na ufuta huko Mazingara, aliyefiwa na mke. Kila alipokuja Korogwe kuuza alileta suruali ile ile ishonwe, imechanika pale pale, hadi Faudhia akauinua mshono juani na kusema uzi huu umekatwa kwa wembe, huyu mtu ana shida nyingine. Shida ikajulikana. Posa ikapelekwa Handeni kwa mjomba wa Zuena, Mzee Athuman, na Jumamosi hii wazee wa Mazingara walikuwa wanarudi kuchukua jibu.

"Nitajibu nikijua Nasra kaishia wapi," Zuena alikuwa amesema wiki iliyopita. Wenzake walicheka. Yeye hakucheka.

Grasiana akaanza. Kurasa za mwanzo zilikwenda vizuri. Nasra alipakwa hina, shangazi zake waligombania sufuria, Idi alipoteza kiatu kimoja. Faudhia alicheka mpaka akakosea pindo. Lakini Zuena alikuwa anasikiliza kwa mgongo, kama mtu anayesikiliza nyayo nyuma yake njiani. Jua lilisogea. Upande wa kulia wa kitabu ulizidi kuwa mwembamba mikononi mwa Grasiana, na jini alikuwa bado hajatokea.

"Mbona hafiki?" aliuliza Faudhia. "Zimebaki kurasa ngapi hapo?"

"Chache."

"Huyu mwandishi anapikaje chakula chote kwa kuni mbili?"

Grasiana akalamba kidole, akafunua ukurasa, akasoma mistari miwili mitatu. Jini alikuwa amefika mlangoni. Kisha sauti ikasita. Zuena aliisikia ikisita, na mguu wake ukaganda juu ya pedali.

"Basi yule jini," Grasiana aliendelea, "basi yule jini akasimama nje, akabisha hodi. Akamwambia Nasra, mimi naenda zangu, nimekuachia radhi. Olewa na Idi. Zaeni watoto. Akaondoka akashuka kisimani, na maji yakafunga juu yake. Na Nasra na Idi wakaoana, wakakaa kwa raha."

Faudhia alivuta pumzi kubwa. "Afadhali. Afadhali kabisa. Haya, mama Ernesti, rudi kwenye mashati yako."

Zuena hakugeuka. Alikuwa amezoea kusomewa na Grasiana, na masikio yake yalikuwa yameijua njia yote. Grasiana akisoma, hupumua pale mstari unapomruhusu, hujikwaa kwenye maneno marefu, na ukingoni mwa ukurasa hunyamaza kidogo huku akilamba kidole. Maneno haya ya mwisho yalikuwa yametoka kama maji ya bomba. Hakujikwaa. Hakufunua kitu.

"Nipe kitabu," alisema.

"Kimeisha, Zuena."

"Nipe hivyo hivyo."

"Utakisoma kesho, mdogo wangu," alisema Faudhia, ambaye sasa naye alikuwa ameuona uso wa Grasiana. "Mkono wako huo una damu."

"Dada Faudhia, nakuheshimu. Mwambie anipe."

Grasiana alikikumbatia kitabu kifuani. Macho yake yalikuwa yamejaa. Alitazama barabarani kana kwamba ataona huko mtu wa kumsaidia, na huko kulikuwa na mbuzi tu na mwanamke aliyebeba ndizi. Akakinyoosha.

Zuena alisoma kwa sauti. Hakuwa msomaji mwepesi. Alikwenda neno kwa neno, kidole chake chenye damu kikifuata chini ya mstari na kuacha alama, na kwa sababu alikwenda polepole kila jambo lilitokea polepole. Jini hakubisha hodi. Alipiga teke mlango ukavunjika. Alimshika Idi shingoni mbele ya shangazi zake, akamburuza hadi kisimani, akamzamisha. Nasra, aliyekuwa anampenda Idi tangu kitabu cha pili, alitabasamu. Akavua viatu akamfuata jini majini. Chini kabisa ya ukurasa paliandikwa kwamba anayependwa na jini ni wa jini, na anayemgusa atakufa. Mwisho.

Hata cherehani ya Faudhia ilikuwa imesimama.

Zuena alikifunga kitabu. Akilini alimwona Sufiani, si Idi, shingo yake nyembamba iliyochomwa na jua, akiburuzwa.

"Nitawaambia hapana," alisema.

"Zuena."

"Nitawaambia hapana. Yule mtu hajanikosea kitu. Nimuue kwa nini?"

"Ndiyo maana nilidanganya," alisema Grasiana, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Nilijua utasema hivyo."

"Ulinidanganya kama mtoto anayenyweshwa dawa." Zuena hakupaza sauti, na hiyo iliuma zaidi. "Ukiwa na mambo yako, mama Ernesti, mimi nilikudanganya lini?"

Grasiana alijifuta kwa pindo la kitenge, akavuta shati moja kutoka fungu lake, akalishika tu bila kulishona.

Faudhia alikuwa amekichukua kitabu. Hakuwa anakisoma, kwa maana miwani yake ilikuwa nyumbani. Alikuwa anakigeuza geuza, kama mtu aliyeuziwa samaki na sasa anamnusa.

"Kapiga teke mlango?" aliuliza.

Akakifunua, akakifunga tena.

"Nauliza. Jini huyu huyu? Yule wa kitabu cha pili, aliyekaa nje na mvua inanyesha kwa sababu bibi yake Nasra alisahau kusema karibu? Huyo leo kapiga teke mlango?"

"Ndivyo kilivyoandikwa, dada," alisema Grasiana kwa sauti ndogo.

"Na Nasra kacheka Idi anakufa. Nasra aliyemlilia kuku." Faudhia alikitupa kitabu juu ya vitambaa. "Huyu mwandishi kachoka. Kachoka, au kapata safari, akaona amalize haraka. Sisi tumemsubiri mwaka na zaidi, watu wawili tumeshona mashati ya watatu ili asomwe, yeye anatuletea mtu mwingine kabisa na kutuambia ndiye yule yule. Nikimshonea mteja mkono mmoja mrefu na mmoja mfupi atanilipa?"

Zuena alisikia hasira ile na mwanzoni aliona ni ya watu wenye raha, watu wanaoweza kukasirikia hadithi. Aliirudia cherehani yake. Alimaliza ule mfuko, akaanza mwingine. Lakini lile teke lilimkaa moyoni. Alijaribu kumwona yule wa ndotoni akipiga teke mlango, na hakuweza. Akajaribu kumwona uso, na uso uliokuja ulikuwa wa jaladani, wa kitabu cha kwanza, wenye ndevu zilizochongwa na kilemba cha buluu. Mguu wake ulipunguza mwendo. Kabla ya kitabu cha kwanza yule mtu alikuwa na uso gani?

Alitafuta kwa muda mrefu. Hakuwa na uso wowote. Ilikuwa baridi tu, na uzito kitandani, na woga. Adabu na hodi zake zote, mapenzi yake yote makubwa, alikuwa amepewa na mwandishi fulani wa Dar es Salaam ambaye hawakupata kumwona, na mtu huyo sasa alikuwa amechoka.

Hofu haikuondoka. Ingekuwa uongo kusema iliondoka. Ila ilikuwa imevuliwa nguo zake nzuri, ikabaki hofu ya mwanamke aliyepoteza mimba mbili na mume mmoja, na hiyo aliifahamu vizuri.

"Lete mashati yako matatu," alimwambia Grasiana jioni, bila kumtazama. "Ulikuwa kazini."

Jumamosi, nyumbani kwa mjomba wake Handeni, wazee walikaa kwenye mkeka mpya. Mzee Semboja, mshenga kutoka Mazingara, aliuliza habari za mvua, za mifugo, za wagonjwa. Zuena aliingia, akapiga magoti, akatoa shikamoo kwa kila mmoja. Kisha badala ya kutoka akabaki.

"Mjomba," alisema, "naomba Sufiani aitwe."

Mzee Athuman alimtazama. Muoaji hakai kwenye kikao cha posa yake. Sufiani alikuwa kwa jirani, kama desturi inavyotaka, akisubiri kuambiwa maisha yake yamekuwaje.

"Kuna jambo gani ambalo sisi hatuwezi kulibeba?" aliuliza Mzee Semboja.

"Lipo, mzee wangu. Mkilibeba nyinyi litafika kwake limebadilika."

Mjomba aliiacha chai yake ipoe. Akamtuma mtu. Sufiani alikuja akaketi ukingoni mwa mkeka, nusu yake sakafuni, na mikono yake mikubwa haikujua ikae wapi.

Zuena alimwambia yote. Mikono ya baridi, mganga, mimba mbili, Hussein na maneno yake mbele ya wazee. Alisema kwa sauti ile ile aliyosomea kitabu, neno kwa neno, asiruke mstari. Mmoja wa wazee aliguna na kujivuta nyuma. Mzee Semboja alitazama chini. Zuena alikuwa anautazama mlango, kwa kuwa kama mtu huyu ni wa kuondoka, alitaka kumwona akiondoka.

Sufiani alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole.

"Akija," aliuliza, "anakuumiza?"

"Hapana. Naogopa tu."

"Na Hussein, ulikuwa ukiogopa unamwamsha?"

"Sikuwahi. Nilimwonea huruma, analala amechoka."

"Mimi uniamshe," alisema Sufiani.

Wazee walisubiri aongeze, wakaona ndiyo yote.

Mzee Athuman akamgeukia mpwa wake. Kwao mwanamke akiulizwa hunyamaza, na wazee huuchukua ukimya wake kuwa ndiyo. Zuena alikuwa amenyamaza hivyo mara moja, kwa Hussein.

"Nimekubali, mjomba," alisema, kwa sauti iliyofika hadi jikoni. Huko vigelegele vikaanza kabla ya dua, na Mzee Semboja, aliyekuwa ametoka Mazingara na maneno yake ya kubembeleza yote tayari, akabaki nayo mdomoni.