Springi Iliyonuka Siki

Kwa miaka ishirini na tisa Beryl Tranter alisimama mbele ya jiwe la kusagia katika kiwanda cha springi mjini Redditch, Uingereza, akisawazisha ncha za springi kwa mkono, moja baada ya nyingine. Alipostaafu, wapenzi wa bunduki za upepo za zamani, zinazopiga kwa nguvu ya springi, wakaanza kumjia na swali lile lile: hii springi iliyomo ndani ndiyo bunduki ilitoka nayo kiwandani, au kuna mtu kaibadilisha?

Beryl alikuwa akiilaza springi juu ya gazeti mezani jikoni na kuigeuzageuza. Ncha iliyosagwa kwa mkono haiwi bapa kabisa, huelemea upande mmoja. Springi iliyokaa ndani ya bunduki miaka sitini huwa imechoka na kufupika, na ubavuni ina mikwaruzo inayong'aa pale ilipojisugua na bomba. Kutu huiuma hapa na pale tu, maana grisi imeilinda.

Mwezi wa Aprili, Desmond Yapp, katibu wa chama cha wapenzi hao, ambacho Beryl naye alikuwa mwanachama, alimletea bunduki iliyotengenezwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Springi yake ilikuwa ya asili, hakuna ubishi. Beryl akaandika hivyo kwenye kadi na kutia sahihi.

Septemba, chama kilifanya maonyesho katika ukumbi wa kanisa. Dereva wa basi aitwaye Garfield Lowe akamjia anatabasamu, bunduki ile ile mkononi, kadi ikining'inia kwenye kitako.

"Bi Beryl, nimeinunua sasa hivi kwa Desmond. Sikiliza!"

Akaukunja mtutu chini, ili kuikaza springi. Ikakazika kimya, laini. Beryl akakunja uso. Ile aliyoikagua yeye ilikuwa inalia kama bawaba ya geti.

"Hebu tuifungue, mwanangu."

Garfield akaibana bunduki mezani, Beryl akaifungua. Kabla springi haijatoka yote, harufu ikampiga puani: siki. Ilikuwa imejaa kutu kila mahali, sawasawa, kama iliyopakwa rangi. Hata kwenye ncha. Na ncha zenyewe zilikuwa bapa kama sahani, kazi ya mashine. Springi mpya, iliyolowekwa kwenye siki ili ionekane imezeeka.

Desmond alikuwa meza ya pili, anakula pai ya nguruwe.

"Ile ya zamani iko wapi?" Beryl akamuuliza.

"Ipi?"

"Usinifanye mtoto, Desmond."

Akajifuta mafuta mdomoni kwa kiganja. "Nimeitia kwenye bunduki nyingine, iliyoihitaji zaidi. Kwani hii haipigi? Inapiga kuliko ile!"

"Na kadi yangu ukaiacha hapo hapo kwenye kitako."

"Kadi ni karatasi tu, mama. Kunywa chai."

Watu wawili watatu wakacheka. Mwenyekiti wa chama akamshika Beryl bega, akamnong'oneza kwamba siku ni nzuri, wasiiharibu kwa kipande cha waya. Beryl akautoa mkono ule begani kama anayeondoa konokono.

"Mrudishie Garfield pesa zake. Sasa hivi, nikiwa nimesimama hapa."

Desmond alirudisha, akinung'unika. Beryl akaikata kadi uzi, akaichana vipande vinne, akaenda chooni kunawa. Alinawa mara mbili kwa sabuni, na harufu ya siki bado ilikuwa vidoleni. Alipotoka, Desmond alikuwa anamwonyesha mzee mmoja bunduki ile ile, bado imefunguliwa, springi yake kando. "Springi imezeeka humo humo ndani, bwana, hata kutu yake unaiona."

"Ameiloweka kwenye siki!" Beryl akasema kwa sauti ya kiwandani, ukumbi mzima ukageuka. "Inuse!"

Mzee akainusa, akairudisha mezani.

Desmond hakufukuzwa. Kwenye mkutano uliofuata walimchagua tena katibu, na Beryl akarudisha kitambulisho chake cha uanachama kwa posta, bila barua. Siku hizi Garfield humletea springi nyumbani. Beryl huziangalia, husema anachokiona, lakini ukimpa kalamu aandike kadi, haipokei.