Mikono Iliyokatazwa Kudaka

Vijana wa hapa mjini wanapenda kuniletea porojo za marehemu mume wangu kana kwamba mimi nilisimuliwa habari zake. Eti alikuwa akidaka mpira kwa mkono mmoja huku mwingine ameshika kata ya uji. Eti hakufungwa hata siku moja. Acheni uongo, huwa nawaambia. Alidaka kwa mikono miwili, na mipira mingine ilimpita, na siku hizo alikuwa hali chakula. Lakini ni kweli kwamba wakati ule wa Mdachi, huyo Mjerumani, timu ya misheni yetu ya upande wa Buigiri ilipokwenda Dodoma kucheza na wafanyakazi wa reli, watu waliacha shughuli zao wakaenda kumtazama yeye langoni, siyo wafungaji. Sifa zake zilifika hadi Bahi. Nyumbani tulijivuna sana.

Kisha vita vya Mdachi na Mwingereza vikaanza. Wazungu wa misheni, kwa kuwa walikuwa Waingereza, wakachukuliwa, na kila kijana aliyesoma kwao akaitwa mpelelezi. Askari wakawa wanapita kijiji kwa kijiji. Wengine walichapwa kiboko bomani, wengine walifungwa kamba wakapelekwa kubeba mizigo ya jeshi, na hao hatukuwaona tena. Mimi nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Mbwa akibweka tu, nakwenda kuchungulia mlangoni.

Baba mkwe akaamua kwamba mwanawe atafichwa papo hapo, mbele ya macho ya watu. Akamvua shati na kaptula, akamvika ngozi ya mbuzi. Mama mkwe akampaka udongo mwekundu uliokandwa na samli, kichwa hadi kifua. Kazi ilikuwa masikio. Alitogwa utotoni kama Wagogo wenzake, lakini misheni aliacha kuvaa vile vijiti vya masikioni na matundu yakasinyaa. Ikabidi yapanuliwe upya. Nilimlaza kichwa mapajani mwangu, damu inanichuruzikia, naye ameng'ata mkanda wa ngozi. Alipoinuka alikuwa mchunga ng'ombe kabisa, hata mimi nikamwonea aibu kidogo.

Wiki ile ile habari ikaja kutoka kijiji cha jirani. Askari wameuokota ule mpira wa misheni na wanatembea nao. Wanawapanga wanaume mstari, kisha wanamrushia mmoja mmoja bila kumwambia kitu. Anayeudaka vizuri, huyo wa misheni. Na wanayemtaka hasa ni golikipa, kwa sababu bwana mkubwa wa boma ameambiwa kwamba ndiye mjumbe wa Waingereza.

"Mwanangu," baba mkwe akasema, "hiyo mikono yako itakumaliza."

Hapo ikaanza kazi ambayo nikiikumbuka sijui nicheke au nilie. Kila asubuhi zizini, mzee anaokota mavi makavu ya ng'ombe na kumrushia mwanawe: kifuani, tumboni, usoni. Mwanzoni aliyadaka yote, hata ya kushtukiza, hata akiwa anakamua. "Unataka kufa wewe?" mzee anamfokea. "Shika fimbo yako. Mikono isicheze." Polepole mikono ikatii. Ikafika mahali mzee anarusha kwa nguvu zake zote, mavi yanapasukia kwenye paji la uso, na yeye hapepesi hata jicho. Tulifurahi sana. Usiku ule nililala usingizi wa kweli.

Askari walikuja asubuhi, wakati wa kukamua. Wanaume wakapangwa kwenye ukuta wa tembe, sisi wanawake tukasukumwa upande wa pili. Mkubwa wao alikuwa mtu mzima, mpole wa maneno, mpira kaubana kwapani. Alianza na shemeji yangu; shemeji akaruka pembeni na kupiga yowe. Wa pili akajifunika kichwa kwa mikono, mpira ukamgonga kiwiko. Wa tatu akakinga uso na kugeuka. Askari wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa woga tu.

Ikawa zamu ya mume wangu. Yule mkubwa wa askari alimlenga usoni. Mpira ukampiga puani, pu, damu ikashuka juu ya ule udongo mwekundu. Mikono haikucheza. Fimbo ilikuwa pale pale. Nikashusha pumzi, nikamshukuru Mungu moyoni.

Yule mkubwa hakucheka. Aliuokota mpira, akaufuta damu kwa mkono wa shati lake, akawatazama waliotangulia mmoja mmoja, kisha akamrudia yeye.

"Wenzako wote wamejikinga," akasema taratibu. "Hata mtoto mdogo hukinga uso. Wewe nani amekufundisha kuizuia mikono?"

Na kabla hatujakaa sawa, askari akaurusha tena, juu, mbali, upande wa kushoto. Mume wangu akaiachia fimbo. Aliruka akaudaka kwa mikono miwili, akatua nao kifuani. Akamkabidhi askari mpira wake, akainyoosha mikono mwenyewe ifungwe. Alinitazama tumboni, siyo usoni. Wakaondoka naye; hakurudi.

Sasa mjukuu wangu ndiye golikipa, na watu wananipigia makofi njiani: bibi, ile mikono ya babu imerudi. Huwa naitikia tu na kuharakisha nyumbani. Jumapili iliyopita alikuja kunisalimu, nikachukua chungwa mezani nikamrushia usoni ghafla. Akalidaka, akacheka, akasubiri nimsifu.

"Kinga uso," nikamwambia. "Mtu usiyemjua akikurushia kitu, mjukuu wangu, kinga uso kama watu wote."