Bi Mkubwa wa Nani?

Mara ya kwanza mume wangu aliponiita "bi mkubwa" nilikuwa ninakata vitunguu, na kisu kikasimama chenyewe. Kwetu Kwale mke haitwi bi mkubwa hivi hivi tu. Bi mkubwa ni yule aliyetangulia, na akiwapo bi mkubwa, basi bi mdogo yuko mahali, anasubiri zamu yake. Miaka yote ya ndoa yetu aliniita kwa jina langu la nyumbani, lile fupi, hata mbele ya mama yake, na mimi nikimwitikia "labeka" kama nilivyolelewa. Siku hiyo sikuitika. Nilimuuliza, "Na bi mdogo umemweka wapi?" Akacheka, lakini kicheko chake kilichelewa kidogo, nami nikaliweka hilo moyoni.

Alikuwa ndio kwanza amemaliza matibabu Mombasa. Walimpasua kichwa, upande wa kushoto, wakaondoa uvimbe kwenye ubongo kiasi walichoweza. Kisha wiki baada ya wiki tukawa tunavuka feri kwenda kuchomwa mionzi. Humo ndani walimfunga uso kwa kinyago cha plastiki chenye matundu ili asitikisike, na alipotoka paji lake lilikuwa na alama kama limelalia mkeka. Mimi ndiye niliyempa vidonge, niliyemkanda mguu, niliyemkaangia viazi karai saa zote, maana dawa zilimtia njaa ya ajabu. Daktari alituonya kwamba maneno yanaweza kumponyoka. Kweli, kijiko akakiita "kile cha kukorogea", tukacheka pamoja.

Sasa mtu unayemuogesha kwa mikono yako akikuita bi mkubwa, utafikiria nini? Mimi nilifikiria mabaya, tena kwa hasira.

Nikaanza kuchunguza. Hotelini Galu, alikokuwa akihudumu mezani, wanawake ni wengi. Mmoja, msichana wa bara, alikuja na zabibu kumjulia hali. "Aki utapona, buda, tunakumiss sana job," akamwambia, na mkono hauondoki begani mwake. Mume wangu akamwambia karibu, karibu, karibu, wala hakunitajia jina la mgeni wake. Nikasema, aha, analificha. Mgeni alipoondoka nilizila zile zabibu zote peke yangu.

Kisha ikaja simu. Kila siku baada ya sala ya alasiri alijikokota hadi nyuma ya tangi la maji, akazungumza kwa sauti ya chini. Nikitokea, anakata.

"Ulikuwa unazungumza na nani?"

"Dada."

Kila mwanamume mwenye la kuficha huwa na dada. Nilimpigia wifi yangu Msambweni, akaniapia kuwa ni yeye kweli, lakini aliapa haraka mno, sikumwamini.

Siku moja nikachukua ndoo kama mtu anayekwenda kuteka maji, nikajibanza upande wa pili wa tangi. Nilikuwa tayari kwa jina lolote. Nilitaka nilisikie kwa masikio yangu, kisha nimfungashie virago vyake, maradhi au si maradhi. Simu alikuwa ameiweka juu ya tofali na kuifungulia sauti, kwa kuwa mkono wake wa kulia haushiki vizuri.

"Nitajie tena," akasema.

"Kaka, si nilikutajia jana?" Ilikuwa sauti ya wifi yangu.

"Limenitoka. Nitajie."

Akamtajia. Lilikuwa jina langu.

Mume wangu akalirudia polepole, akalirudia tena, kama mtoto wa chuoni anayehifadhi sura ya Kurani.

"Mwambie tu mwenyewe," wifi akasema. "Ni maradhi, atafahamu."

"Jina la mke wangu," akasema. "Nitamwambiaje kuwa limenitoka?"

Nilisimama na ndoo tupu. Daktari alisema maneno, mimi nikadhani ni vijiko. Sikufikiri kwamba na mimi nimo. Wallahi, nilitamani awe na mwanamke mwengine. Nilimtaka yule bi mdogo awepo, Galu, Lunga Lunga, popote, nikagombane naye.

Nikazunguka nyumba nikaingia jikoni kabla yake. Nilimuona akija, midomo ikimchezacheza, amelibeba jina langu kama mtu aliyeteka maji kwa viganja. Bodaboda ikapita barabarani ikipiga honi. Akageuka kuitazama, na alipogeuka tena midomo ilikuwa imetulia. Akasimama mlangoni. Alinitazama kwa muda, nikamuona anatafuta.

"Bi mkubwa," akasema.

"Labeka," nikaitika.