Gwaride la Shirimatunda

Baba yangu alistaafu jeshi akiwa sajenti, lakini jeshi alirudi nalo nyumbani. Tulihama kota za kambini tukaja kuishi Shirimatunda, pembeni mwa mji wa Moshi, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma aliyoijenga mwenyewe kila alipopata likizo. Mimi nilikuwa darasa la tatu, mdogo wangu wa kiume hajaanza shule. Miaka ile madukani vitu vilikuwa vimeanza kuonekana tena, sabuni za rangi rangi, viatu vya mtumba, vitenge vilivyopitia mpakani Holili, na majirani walisema mambo yamelegezwa. Kwetu hakikulegezwa kitu.

Kila asubuhi kabla ya chai tulipanga mstari uani, mama kwanza, halafu mimi, halafu mdogo wangu. Baba alitoka na buti zake zinang'aa, akatukagua kucha, shingo na kola. "Mguu sawa," alisema, na sote tukakaza magoti, mama naye, mtu mzima, kanga kiunoni, jirani akichungulia kwenye ua wa michongoma. Ukaguzi ukiisha baba aliuliza, "Kuna mwenye shida?" Hapo ndipo ruhusa ilipoombwa. Mama aliomba ruhusa ya kwenda kuuza ndizi, ruhusa ya kwenda zahanati, ruhusa ya kwenda mazoezi ya kwaya. Akisahau kuomba pale mstarini, siku hiyo imempita. Ukiuliza kwa nini, jibu lilikuwa moja: "Ndivyo jeshi lilivyo."

Tulimwamini. Mtu aliyepigana Uganda, mwenye kovu la kweli begani, akikwambia jeshi liko hivi, mtoto utabisha nini? Wageni wakija walifurahishwa na ile saluti tuliyompigia. Mwinjilisti wa mtaa wetu alisimama siku moja ibadani akasema nyumba yetu ni mfano wa malezi. Mama alikuwa amekaa upande wa wanawake, anatazama chini. Mpaka leo nikimkumbuka yule mwinjilisti na tabasamu lake natamani kumrudisha pale mimbarini ayameze maneno yake.

Nilipokuwa darasa la saba bibi mzaa mama aliugua. Aliishi mlimani, juu kabisa karibu na msitu, na mama hakuwa amemwona tangu Krismasi. Asubuhi moja mjomba alishuka kwa miguu, suruali imelowa umande mpaka magotini. Alimkuta baba mezani anakunywa chai.

"Shemeji, mama amezidiwa," alisema. "Anamtaka binti yake. Nimekuja kumchukua."

Baba aliweka kikombe chini. "Gwaride limekwisha. Hakuomba."

Mjomba alicheka. Alidhani ni utani wa mashemeji. Kisha akamtazama mama aliyesimama mlangoni, akaona hacheki, na yeye akaacha.

"Shemeji, mama anakata roho."

"Ataomba kesho asubuhi, nitampa siku tatu. Mimi nikiwa vitani baba yangu alikufa na sikuondoka lindoni. Ndivyo jeshi lilivyo."

Mjomba alikaa kwenye benchi pale nje, akanywa uji aliopewa, akasubiri kidogo kama mtu anayedhani mwenzake atajirudi, kisha akaondoka. Hakumchukua dada yake. Hilo nalo sijalisahau. Alikuwa mwanamume mwenye nguvu zake, angeweza kumshika mama mkono wakatoka. Aliaga vizuri, akapanda mlima peke yake.

Kesho yake mama aliomba, akapewa, nikafuatana naye. Tulipofika kwenye mfereji ulio chini ya kihamba cha mjomba, shamba la ukoo, tukasikia majembe. Wanaume walikuwa wanachimba kaburi kwenye migomba. Shangazi mmoja wa mama alitupokea, akamwambia mama kwamba bibi alikuwa na akili zake mpaka mwisho, na kwamba kila mlango ulipolia aliuliza kama amefika. Mama hakulia. Alikwenda kisimani, akanawa uso, akaingia jikoni kumenya ndizi za mtori wa waombolezaji.

Baba alikuja siku ya maziko. Alivaa koti lake la kaki, akatupa udongo kaburini, akapiga saluti. Watu wakasema, ona mkwe alivyomheshimu marehemu.

Nilipomaliza kidato cha nne nikaenda Jeshi la Kujenga Taifa, na kutoka pale nikaomba kujiunga na wanamaji. Watu hudhani niliipenda bahari. Sikuwa nimewahi kuiona. Nilitaka jeshi kwa sababu nilitaka siku moja niwe na cheo kikubwa kuliko chake, na yeye akaze magoti mbele yangu. Wanamaji walikuwa wanapokea wasichana mwaka ule, basi. Baba alicheka puani. "Majini? Huko watu wanaosha meli tu." Jirani yetu, mama mmoja mzee, yeye alishtuka kweli. "Mwanangu, unakwenda kuishi na majini?" Nilimweleza ni maji, si mashetani. Aliniombea hata hivyo.

Wiki za kwanza kwenye boti ya doria nilitapika mpaka nikadhani nitatoa ini. Baada ya hapo nikazoea. Kazi yangu ilikuwa sitaha: kufunga kamba, kukwangua kutu, kupaka rangi, kukwangua tena, maana chumvi haichoki. Mkuu wa boti alikuwa luteni mmoja mkali, asiyepandisha sauti. Ukichelewa kwenye zamu alikutazama tu, na ulitamani angekupiga. Nilimwogopa, nikajisemea, huyu ndiye baba mwingine, hili ndilo jeshi lenyewe.

Siku moja tulikuwa gatini tunakula chakula cha mchana. Fundi mashine wetu, kijana wa Songea, aliitwa kwenye simu ya ofisini, akarudi uso umembadilika. Alimwendea luteni huku sahani ikiwa bado mkononi.

"Afande, mama yangu amelazwa. Hali ni mbaya."

Mimi nikawa namsubiri luteni aseme kesho. Nilikuwa nimeshamhurumia yule kijana. Luteni alisukuma sahani yake pembeni.

"Gari la mizigo linatoka sasa hivi kwenda mjini. Kachukue begi lako. Karatasi nitaziandika mimi, utasaini ukirudi." Akanigeukia. "Wewe utamsaidia mwenzake kushika zamu ya mashine."

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Afande, gwaride si limekwisha? Ruhusa inatolewa hata sasa?"

"Nani alikufundisha hayo?"

"Baba yangu, afande. Sajenti mstaafu."

"Baba yako alikuwa jeshi la nchi gani?" Hakuwa anatania. Aliniuliza kama mtu anayetaka kujua. "Mzazi wa askari anaumwa na hatuko vitani, askari anaondoka. Hilo hata kuruta analijua."

Zamu ilipoisha nilipanda sitahani na chuma changu cha kukwangulia. Nilikwangua pale palipokuwa na kutu na pale pasipokuwa nayo. Bosani mzee, msimamizi wa kazi za sitaha, akanikemea kwamba natoboa chombo cha serikali.

Likizo yangu ilipofika nilikwenda Moshi. Mdogo wangu alikuwa ameshakimbilia Arusha, anabeba mizigo ya watalii, haandiki wala hapigi simu. Nilifika jioni. Asubuhi nikaamshwa na ile sauti uani, "Mguu sawa." Nikachungulia dirishani. Mama alikuwa mstarini peke yake. Mvi zimemtoka kwenye kitambaa, mikono ameibana mapajani, na baba anamkagua kucha.

Nilitoka, nikachukua kigoda, nikakaa katikati yao.

"Shikamoo baba."

"Ingia mstarini."

"Jeshini hakuna kitu kama hiki, baba. Nimeishi huko. Askari akiomba kwenda kumwona mama yake mgonjwa anapewa gari. Ulitudanganya."

"Wewe ni wa majini. Hulijui jeshi."

"Bibi alikufa akiuliza kama mama amefika. Hapakuwa na amri yoyote. Ilikuwa ni wewe tu."

Alinyanyua mkono. Nikasimama. Nilikuwa nimemzidi kimo, na nadhani ndiyo mara ya kwanza aliliona hilo. Mkono ukashuka. Kisha mama akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia bei ya chumvi, "Mimi nilijua."

Nikamgeukia.

"Kule kota mke wa koplo, jirani yetu, alikwenda kumuuguza mama yake mwezi mzima. Mumewe ndiye aliyembebea mzigo mpaka stendi. Nilijua tangu zamani."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Nimwambie nani? Mwinjilisti? Kaka yangu alikaa pale kwenye benchi akanywa uji akaenda zake."

Alijifunga kanga vizuri, akaenda kumkatia ng'ombe majani. Hakusimama tena mstarini, siku ile wala baadaye. Nilipokuwa bado pale baba alitoka kila asubuhi na buti zake, akamkuta yuko bandani, akazunguka uani kama anayetafuta kitu, akaingia ndani. Mwaka uliofuata nilimkuta amevaa kandambili.

Siku hizi mama hupanda mlimani akitaka. Hulala kwa mjomba wiki nzima, huimba kwaya, hurudi na ndizi na maziwa. Baba huketi na wenzake kwenye kilabu cha pombe ya mbege akiwaambia kwamba yeye ni mtu wa kisasa, kwamba mkewe amempa uhuru wote. Wazee wanamsifu. Nilimsikia mwenyewe nilipokwenda kumwita, nikasimama pale na sare yangu, nyota mbili za luteni begani, nilizozipata baada ya kozi ya maofisa, wazee wakanipisha nafasi ya kukaa. Sikukaa. Nilimsubiri barabarani, tukarudi nyumbani.

Ndugu huniambia amezeeka, nimsamehe. Mama ndiye asiyeniambia.