Mvua ya Mbaazi

Mwanangu, ipo siku moja niliyotamani ardhi inimeze, na kwa kuwa umeniambia unakwenda chuo kikuu kusomea kazi za jukwaa, yaani kujenga mandhari, kupanga taa na kutengeneza sauti nyuma ya pazia, nitaanza na siku hiyo. Usiniharakishe. Mtu wa umri wangu akiharakishwa huruka mambo, na haya sitaki kuyaruka.

Ilikuwa miaka ya hamsini, hapa hapa Nachingwea. Wazungu wa mashamba makubwa ya karanga walikuwa wameshindwa na kuondoka, wakatuachia nyumba za mabati, trekta zenye kutu na bwalo moja kubwa walilokuwa wakilia chakula. Katika majengo hayo kikafunguliwa chuo cha ualimu. Mimi nilitoka kwetu Mtua nikiwa na miaka ishirini, nina mashati mawili na kichwa kilichojaa majivuno, ingawa sijui majivuno yenyewe yalitoka wapi.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Nandonde, alianzisha somo la michezo ya kuigiza. Alikuwa akisema mwalimu asiyejua kuigiza huwalaza watoto darasani. Akatugawa. Wenye sauti nzuri wakawa waigizaji. Mimi, kwa sababu nilijua kuchora na kushika msumeno, nikapelekwa kwa Mzee Mpelumbe.

Huyu mzee alikuwa fundi seremala, Mmakonde aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye karanga, na Wazungu walipoondoka chuo kikambakiza. Kiswahili chake alikiokota sokoni na karakanani, lakini mikono yake haikukosea. Alitufundisha kuunda kuta kwa mbao za makasha ya trekta na maturubai chakavu. Alitufundisha kupaka chokaa, udongo mwekundu na mkaa mpaka turubai likaonekana ukuta wa udongo uliopasuka kwa jua. Akatuonyesha namna ya kumwaga mbaazi kavu juu ya bati lililoinamishwa, kidogo kidogo kwanza, kisha nyingi, mpaka ukifumba macho unasikia mvua ya masika.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Kazi niliipenda, lakini niliionea haya. Waigizaji walipopita mjini, watu waliwaita kwa majina. Rafiki yangu Hamisi Chitanda, niliyelala naye chumba kimoja, ndiye aliyekuwa mkulima mkuu katika mchezo wetu, na kila mtu alimjua. Mimi nikiulizwa nafanya nini chuoni, nilijibu, "Nasaidiasaidia tu."

Siku ya mazoezi ya mwisho tuliwaalika watu wa mjini waje bwaloni. Kazi yangu ilikuwa kushika kamba ya ukuta mkubwa, maana ulikuwa bado haujafungwa vigingi vyake vyote. Pazia likafunguliwa. Nikasikia watu wakiguna kwa mshangao walipouona ule ukuta nilioupaka mwenyewe kwa siku tisa. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Jamani, hii nyumba wameileta lini?"

Mwanangu, sikuweza kuvumilia. Nilitaka kuziona nyuso zao, na nilitaka na wao wauone uso wangu. Nikaizungusha kamba kwenye msumari, nikapita ubavuni, nikatokeza mbele nikitabasamu kama bwana harusi. Nilikuwa sijafika hata hatua ya nne niliposikia kishindo nyuma yangu. Ukuta ulikuwa umemwangukia Hamisi. Mkono wake wa kulia ulivunjika.

Walipompeleka hospitali, nilibaki bwaloni peke yangu na Mzee Mpelumbe. Nilingoja matusi. Hakunitukana. Aliuinua ule ukuta, akaushika kwa kamba, akauacha uegemee mbele kidogo.

"Lala pale," akasema. "Pale alipoanguka mwenzio."

Nikalala chali. Ukuta ukaninyemelea kwa juu, mzito, ukilialia kwenye mbao zake.

"Unatazama nini sasa?"

"Natazama mikono yako, mzee."

"Uso wangu hutazami?"

"Hapana, mzee. Mikono."

"Basi mimi niende kule mlangoni, watu wanisifu kidogo?"

Nikaanza kulia, nikiwa nimelala vile vile, machozi yakiniingia masikioni. Mzee akauegesha ukuta, akakaa chini karibu nami. "Yule kule mbele anacheza na moyo mweupe," akasema, "kwa kuwa iko mtu nyuma yake. Wewe ndiyo ule mtu. Ukiona haya kuwa ule mtu, rudi Mtua ukalime, hapana dhambi. Lakini usikae hapa nusu."

Kesho yake Bwana Mkuu wa chuo, Mzungu mrefu mkavu, alituita. Alisema tungeonyesha mchezo Ruangwa baada ya wiki saba, kama ilivyopangwa. Ukiharibika tena, somo lile lingefutwa, na sisi wa mbao na maturubai tungerudishwa makwetu.

Kila jioni nilikwenda kumwogesha Hamisi na kumfulia nguo, mpaka mkono ulipofunguliwa plasta. Aliponisamehe hakutoa hotuba. Alisema tu, "Kesho tuanze mazoezi, nimechoka kulala." Mpaka leo sijapata kupewa kitu kikubwa kuliko maneno yale.

Basi tukaenda Ruangwa juu ya lori, siku ya soko, wakati wa mavuno ya ufuta. Barabara ilikuwa ya mashimo matupu. Tulipofika na kufungua makasha, tukakuta karabai zetu zote nne, taa tulizozitegemea jukwaani, zimepasuka vioo na soksi zake zimekuwa majivu. Tulipewa ghala la mazao tuchezee humo, ghala la mabati lenye dirisha moja dogo upande wa magharibi, na ndani mlikuwa giza hata mchana. Mwalimu Nandonde akakaa juu ya kasha, akashika kichwa. Watu walikwisha anza kujaa.

Nikatoka nje kupumua. Karibu na ghala kulikuwa na madebe matupu, na moja lilikuwa limepigwa na jua likanichoma machoni hata nikageuza uso. Nikasimama. Nikaligeuza lile debe kwa mguu, mng'ao ukaruka ukapiga ukuta. Nikapiga kelele, "Mzee! Mzee Mpelumbe, njoo uone!"

Hakuuliza hata swali. Alichukua nyundo. Tukapasua madebe matatu, tukayanyoosha, tukayapigilia kwenye ubao, tukayasugua kwa majivu mpaka yakawa kama kioo. Nikipanda juu ya pipa nje ya dirisha, niliweza kulikamata jua na kulitupa ndani hadi jukwaani, mahali ninapotaka. Ila ubao ule ulitaka mtu wa kuushika mchezo mzima, akiusogeza kadiri jua linavyoshuka. Akiuacha kidogo tu, ndani giza.

"Nitaushika mimi," nikasema.

"Mchezo hutauona," akasema Mzee.

"Sitauona."

Kabla sijapanda, nilifunga vigingi vya ukuta, vyote, mara mbili. Hamisi akaja, akaegemeza mgongo wake wote pale, akasukuma. Ukuta haukutikisika.

"Nani amefunga?"

"Mimi."

Akaniangalia kidogo. "Basi naingia," akasema.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mkulima anayekataa kuliacha shamba lake wakati wa ukame, majirani wakimcheka, mpaka mvua inamkuta angali na jembe mkononi. Mimi nilikuwa juu ya pipa, jua linanipika kisogo, jasho linaniingia machoni. Dirishani niliona kipande cha jukwaa tu. Nilijua tumefika wapi kwa kusikiliza.

Ikafika zamu ya mvua. Mzee Mpelumbe akaanza kumwaga mbaazi kwenye bati. Ghala lile la mabati likaipokea sauti na kuikuza. Tone, matone, kisha mvua kubwa yenye upepo wake.

Mara mlango wa ghala ukafunguka kwa kishindo! Watu walimwagika nje, akina mama wameshika kanga vichwani, wanaume wanakimbia, wanapigiana kelele kwa Kimwera, "Ufuta! Ufuta utalowa!" Maana walikuwa wameuanika uwanjani, magunia na mikeka kila mahali. Wakafika uwanjani wakasimama. Mbingu nyeupe, hakuna hata wingu. Wakatazamana. Bibi mmoja akanyoosha kiganja juu, akangoja tone. Nyuma yao alitoka Bwana Mkuu mwenyewe, aliyekuja kutukagua, amevaa kofia, naye amenyoosha kiganja.

Akaniona. "Mvua iko wapi?" akauliza.

"Iko ndani, Bwana," nikamjibu, bila kuondoa macho kwenye ubao wangu.

Yule bibi alikuwa wa kwanza kucheka. Wakacheka wote, wakashikana mbavu, wakarudi ndani wakikimbizana ili wasikose kilichobaki. Na mimi, mwanangu, nilicheka kwa tumbo tu, maana mikono ilikuwa na kazi.

Mwisho wa mchezo kunakucha baada ya mvua. Nikaushusha mwanga hadi sakafuni, kisha nikaupandisha polepole, miguu ya Hamisi, jembe, kifua, uso. Kisha vigelegele! Mabati ya ghala yalitetemeka. Niliteremka kwenye pipa nikakaa mavumbini nikicheka na kulia pamoja.

Somo halikufutwa. Bwana Mkuu aliandika mwenyewe kwamba lipewe karakana yake, na mimi nikapewa kazi ya kuwafundisha walionifuata. Nimeifanya kazi ile shule baada ya shule, mpaka nikastaafu. Siku ile ile ya Ruangwa, Hamisi alinifuata nje mbele ya watu wote, akanivuta kwa mkono ule ule niliouvunja, akaniingiza jukwaani, akawaambia, "Aliyewaletea jua ni huyu." Hapo nilionekana, na hapo nilistahili.

Basi nakuambia wazi, mwanangu. Kazi unayokwenda kuisoma, isome bila haya. Fundo utakalolifunga litashika uhai wa mtu, kwa hiyo lifunge mara mbili, na hata ukisifiwa usiache kulikagua. Vifaa vikikuvunjikia, toka nje utazame kilichopo. Na ukikosea, kubali kulala chini ya ukuta wako mwenyewe uone uzito wake, kisha inuka ufanye kazi.

Nenda mwanangu. Mungu akupe mikono mitulivu, akupe wenzako wanaokuamini, na kila unapofungua pazia, watu wasahau kwamba wamekaa kwenye viti. Amina.