Moshi wa Bibi Jirani

Jana asubuhi, hapa nyumbani Soweto, Mbeya, nilimwuliza binti yangu kama dada yangu wa Iringa amepata nafuu, maana kifua kilikuwa kinambana. Hakuinua hata macho kwenye simu. "Mama mkubwa mzima. Yuko hewani tangu alfajiri. Si obvious, mama!"

Neno hilo likanishika. Mimi ni wa darasa la saba, Kiingereza kingi kimeshanitoka, ila hilo silisahau. Ukinivumilia nitakuambia nililipata wapi.

Kijijini kwetu, kule juu Iringa, msimu wa baridi ukungu ulilala mpaka vizingitini. Asubuhi kwanza tuliangalia mapaa. Nyumba inayofuka moshi, wenyewe wameamka salama. Isiyofuka, mtu alitumwa kubisha hodi, na mkononi kabeba kijinga cha moto, maana pengine mle ndani kuna mgonjwa anayetetemeka.

Bibi jirani hakuwahi kubishiwa hodi ya namna hiyo. Moto wake haukuzimika. Jioni alisukuma gogo nene kati ya mafiga, akalifukia majivu, likaungua polepole. Sisi watoto tulitumwa kwake kuomba moto, na hatukuondoka bila kiazi cha kuchoma.

"Kamwene, wezi wangu," alitusalimia. "Leo mnaiba moto au viazi?"

Sasa siku moja mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni obvious. Akafungua dirisha, baridi ikatuingia, akanyoosha chaki nje.

"Nyumba ile inafuka moshi. Mwenyewe yupo, hayupo?"

"Yupooo!"

"Mmeingia mkamwona?"

"Hapanaaa!"

"Mmejuaje basi? Hiyo ndiyo obvious. Jambo liko wazi, huna haja ya kuuliza."

Mwenzetu mmoja akadakia, "Mwalimu, hata njaa yangu ni obvious."

"Kaa chini, wewe na tumbo lako."

Tulicheka sana. Nyumba aliyoonyesha ilikuwa ya bibi.

Kesho yake kibiriti kilituishia. Mimi nilikuwa nafagia uwanja, mama akaenda mwenyewe kuomba moto. Nikamsikia anabisha hodi. Akabisha tena. Ndani kuku walikuwa wanalia, hawajafunguliwa. Mama alisukuma mlango, akaingia. Aliporudi hakuwa na moto. Akakaa chini kwenye umande. Juu ya paa la bibi moshi ulikuwa bado unatoka, mwembamba.

Waliomwosha walisema alikuwa amepoa muda mrefu. Huenda alikuwa bado hai wakati sisi tunaitikia "yupo". Huenda hakuwa. Nimelipima jambo hili miaka yote. Sitaki kumsingizia mwalimu. Neno alilifundisha vizuri, na moshi ule kijiji kizima tuliuamini, wakubwa kwa wadogo. Ninachokumbuka ni kwamba dirisha lile hakulifungua tena msimu ule. Au labda ni baridi tu, sijui.

Basi jana niliacha vyombo kwenye beseni, nikampigia dada. Iliita mno. Akapokea mjukuu wake.

"Shikamoo bibi. Simu ninayo mimi, nacheza gemu."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu nimeamka."

"Bibi yako yuko wapi?"

"Amelala."

"Nenda kamwamshe. Nenda sasa hivi!"

Nikasikia miguu yake, kisha mlango. Binti yangu akaniangalia, akaweka simu yake chini. Halafu nikasikia kikohozi.

"Una wazimu wewe?" dada akasema. "Asubuhi yote hii unataka nini?"

Nikasema, "Naomba moto."

Yeye naye alikuwepo kijijini wakati ule. "Upo," akasema. "Njoo uchukue."

Kule kwetu siku hizi mapaa ni bati, na wengi wanapikia gesi. Nilipopita mara ya mwisho asubuhi, ukungu ulikuwa ni ule ule, lakini hakuna kilichokuwa kinapanda juu. Nikasimama barabarani nikitazama nyumba moja baada ya nyingine, na sikujua nianzie nyumba ipi kubisha hodi.